Msaada wa Kigeni: Asilimia Moja Inayodhaniwa Kuwa Robo

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wahudumu wa afya ya jamii na wanakamati wa vituo vya afya wakati wa mafunzo kuhusu bajeti.



Mada ya leo imetokana na maswali ya wananchi. Tangu Januari 2025, vikao vya afya mashinani havikosi mtu wa kuuliza: "Wamarekani wakiondoka, hospitali zitafungwa?" Wala havikosi mwingine wa kuuliza kinyume chake: "Si serikali imekuwa ikila pesa za wafadhili miaka yote, sasa inalalamika nini?" Anayeuliza la kwanza anadhani msaada ndio kila kitu. Anayeuliza la pili anadhani msaada ni gunia la noti linaloteremshwa kwenye ndege. Wote wawili wanakisia, na kukisia huku hakukuanzia Kenya.

Chukua noti ya shilingi 1,000. Tuseme noti hiyo ndiyo bajeti nzima ya serikali kuu ya Marekani kwa mwaka mmoja: mishahara, majeshi, pensheni za wazee, matibabu, barabara, riba ya madeni, kila kitu. Kutoka kwa noti hiyo, ni shilingi ngapi zilitumwa ng'ambo kama msaada kwa nchi zote za dunia zikiwekwa pamoja? Jijibu kimoyomoyo kabla ya kuendelea.

Wamarekani wenyewe wameulizwa swali hili mara nyingi. Shirika la KFF, linalofanya utafiti kuhusu sera za afya nchini humo, liliwauliza mwaka wa 2015, na jibu lao kwa wastani lilikuwa asilimia 26. Mwaka wa 2016 likauliza tena, wastani ukapanda hadi asilimia 31. Yaani katika ile elfu, watu walidhani kati ya shilingi 260 na 310 zinakwenda kwa wageni. Mwaka wa 2015 ni mtu mmoja tu kati ya 20 aliyejibu kwamba ni asilimia moja au chini ya hapo.

Hesabu yenyewe ni hii. Katika mwaka wa fedha wa 2023, Marekani ilitoa msaada wa dola bilioni 71.9. Mwaka huo huo serikali kuu ilitumia zaidi ya dola trilioni 6.1. Ukigawanya unapata asilimia 1.2. Katika noti ya elfu, hizo ni shilingi 12. Hazitoshi nauli ya bodaboda hadi zahanati ya karibu. Na hata katika shilingi hizo 12, karibu tatu zilikwenda Ukraine pekee, iliyokuwa vitani.

Kuna utafiti mwingine wa mwaka wa 2010, uliofanywa na watafiti wa maoni wanaohusiana na Chuo Kikuu cha Maryland, ambao unafaa kurudiwa polepole. Watu waliulizwa kwanza msaada wa kigeni unachukua kiasi gani cha bajeti. Jibu la katikati likawa asilimia 25. Kisha wakaulizwa ungefaa kuchukua kiasi gani. Jibu la katikati likawa asilimia 10. Kwa mawazo yao walikuwa wanapunguza sana, kutoka shilingi 250 hadi 100. Kumbe kiwango halisi kilikuwa karibu shilingi 10. Kama mwanasiasa angewapa walichoomba, msaada ungeongezeka takriban mara kumi, na wapiga kura hao hao wangekasirika.

Si haki kuwacheka. Mwananchi wa Ohio haoni bajeti, anaona habari. Anaona ndege ya kijeshi ikiteremsha magunia, anasikia dola bilioni kadhaa zimepelekwa mahali fulani, na bilioni ni neno kubwa kwa kila mtu aliye na kodi ya nyumba ya kulipa. Isitoshe, wengi huchanganya msaada na gharama za vita na kambi za kijeshi zilizoko nje, ilhali hizo hulipwa kutoka bajeti ya ulinzi, ambayo ni kubwa zaidi mara kumi hivi. Hakuna anayemweleza kwamba kitu kinachokula bajeti yao ni pensheni za wazee, ambazo peke yake ni zaidi ya shilingi 200 katika ile elfu, pamoja na bima za afya na ulinzi. Na habari za pensheni hazina picha za kuvutia.

Jambo lingine ambalo huwa halielezwi ni jinsi msaada unavyosafiri. Wengi, huko na huku, hudhani serikali moja huandikia nyingine hundi. Mara nyingi sivyo. Wazee wa hapa wanayakumbuka mahindi ya manjano ya ukame wa 1984, na familia za Turkana na Garissa zinayajua vizuri magunia na mikebe ya mafuta ya kupikia yenye maandishi kwamba ni zawadi ya watu wa Marekani. Kwa miaka mingi chakula cha namna hiyo kilinunuliwa kutoka kwa mkulima wa Marekani, na sheria ya huko inataka angalau nusu yake ibebwe na meli za Marekani. Mkulima wao alilipwa, mwenye meli akalipwa, kisha mtu wa Lodwar akala. Fedha za afya nazo zilipitia kwa mashirika yenye kandarasi, mengi yakiwa na makao makuu karibu na Washington, na hayo ndiyo yaliyoajiri wafanyakazi mnaowafahamu katika kliniki. Kwa hivyo anayesema pesa zote za wafadhili ziliingia mfukoni mwa kaunti anazungumza juu ya pesa ambazo kwa sehemu kubwa hazikuwahi kupita kwenye akaunti ya kaunti.

Haya yote yangebaki kuwa mchezo wa kukisia kama yasingekuwa na matokeo. Januari 20, 2025, serikali mpya ya Marekani ilitangaza kusimamisha msaada wa kigeni kwa siku 90. Januari 24 ikatolewa amri kwa mashirika yaliyokuwa na kandarasi kuacha kazi mara moja. Januari 28 kikatangazwa kibali cha kuendelea na huduma za kuokoa maisha, lakini kibali cha karatasi hakimrudishi kazini karani aliyeachishwa wala hakilipi kodi ya ghala. Machi 10 Waziri wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya shirika la USAID imefutwa, takriban kandarasi 5,200. Kufikia Julai 1 shirika hilo, lililoanzishwa mwaka wa 1961 wakati wa Rais Kennedy, lilikuwa limefungwa na kazi iliyobaki kuhamishiwa wizara ya Rubio.

Ni haki ya kila nchi kupanga matumizi yake. Wapo Wamarekani wanaojua hesabu vizuri na bado wanaona msaada ni mwingi. KFF walipowaambia watu kwamba kiwango halisi ni takriban asilimia moja, waliosema pesa zinazotumika ni nyingi mno walipungua sana kutoka zaidi ya nusu, lakini hawakuisha. Bilioni 71.9 si pesa za mchezo, na kuuliza zilitumikaje ni swali la halali. Ila mpango wowote wa kupunguza gharama ambao unaanzia kwenye shilingi 12 na kuacha 988 hauwezi kumpa mlipa kodi nafuu anayoitarajia. Uingereza nayo ilitangaza Februari 2025 kwamba itashusha msaada wake kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027, ili kuongeza bajeti ya ulinzi. (Angalieni: hiyo ni asilimia ya pato la taifa, si ya bajeti. Vipimo hivi viwili huchanganywa kila siku, hata na wanahabari.)

Sasa turudi nyumbani, kwenye rafu ya dawa.

Mpango wa Marekani wa kupambana na ukimwi, PEPFAR, ulianzishwa mwaka wa 2003 na Rais George W. Bush, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kunufaika. Nchini Kenya watu wapatao milioni 1.4 wanaishi na virusi vya ukimwi. Kwa miaka ishirini sehemu kubwa ya dawa zao za ARV, vifaa vya kupima wingi wa virusi, na mishahara ya wengi wanaowahudumia katika kliniki maalumu, imetoka kwa PEPFAR na Mfuko wa Dunia. Kitu ambacho kwa mtoaji ni sehemu ndogo ya shilingi 12, kwa mpokeaji kilikuwa karibu rafu nzima.

Hapo ndipo penye shida ya kuzungumza kwa asilimia bila kuuliza ni asilimia ya nini. Mkifungua bajeti ya Kenya ya mwaka wa 2025/26, matumizi yote ni Sh4.29 trilioni, na misaada isiyolipwa iliyotarajiwa ni takriban Sh47 bilioni. Hiyo ni asilimia 1.1. Karibu sawa na ile ya Marekani, kwa sadfa. Anayesoma ukurasa huo peke yake atasema Kenya haihitaji msaada wa mtu, na kwa barabara, polisi na shule atakuwa amekaribia ukweli. Lakini fedha nyingi za ukimwi, malaria na kifua kikuu hazikuonekana kwenye ukurasa huo kwa sababu hazikupitia Hazina ya Kitaifa. Zilikuja kama dawa, kama vyandarua, kama mhudumu anayelipwa na shirika. Mtu wa mahesabu hakuziona. Mgonjwa aliziona kila mwezi.

Kulikuwa na vitu vingine vidogo zaidi ambavyo hata mgonjwa hakuvijua. Mtandao wa tahadhari ya njaa uitwao FEWS NET, ulioanzishwa mwaka wa 1985 baada ya baa la njaa la Ethiopia, ulizimwa Januari 2025 na kurejea miezi kadhaa baadaye. Ni mtandao uliotegemewa na watu wanaopanga chakula cha dharura katika kaunti kame. Utafiti wa afya ya familia, ule wa wahojaji kuja nyumbani kuuliza watoto wangapi wamechanjwa na mama alijifungulia wapi, nao ulikuwa ukifadhiliwa na USAID katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo, na mpango huo ukasimamishwa. Huwezi kuweka bango la shukrani juu ya takwimu, kwa hivyo hakuna aliyejua nani alikuwa akizilipia.

Mabango yenyewe yamechangia upotoshaji. Tembea kwenye wadi yoyote: choo cha shule kina bango la mfadhili, kisima kina bango, hata kivuko cha miguu kina bango lililo kubwa kuliko kivuko. Mshahara wa muuguzi anayezalisha kina mama usiku hauna bango, na huo unalipwa na kaunti. Mwananchi akihesabu mabango atadhani nchi nzima imejengwa na wafadhili.

Tena si kila chenye bendera ya kigeni ni msaada. Reli ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi husemwa "Wachina walitujengea". Waliijenga, ndiyo, lakini takriban asilimia 90 ya gharama ilikuwa mikopo kutoka benki ya Exim ya China, na mikopo hiyo inalipwa na Wakenya, pamoja na riba. Fedha nyingi za Benki ya Dunia zinazofika kaunti kupitia miradi ya tabianchi na ya kuboresha utendakazi nazo ni mikopo iliyochukuliwa na serikali kuu. Mradi ukizinduliwa kwa nyimbo na fulana, mwombeni mhandisi aseme wazi: ni ruzuku au ni deni?

Wahudumu wa afya ya jamii mna mfano ulio karibu zaidi. Wapo wanakijiji wanaoamini kwamba posho yenu inatoka kwa mzungu. Kwa mujibu wa mpango uliozinduliwa Septemba 2023 kwa wahudumu 100,000 nchini, posho ya Sh5,000 kwa mwezi inagawanywa nusu kwa nusu: Sh2,500 kutoka serikali kuu na Sh2,500 kutoka kaunti. Inapochelewa, wa kuulizwa wako Nairobi na makao makuu ya kaunti. Hakuna wa kuulizwa Washington.

Na kwa kuwa mada ni bajeti, jambo moja la pembeni ambalo ofisi yoyote ya kaunti lazima ilitaje. Mgao wa kaunti zote 47 kwa mwaka wa 2025/26 ni Sh415 bilioni. Katika kila shilingi 100 ambazo serikali inatumia Kenya, hizo hazifiki shilingi 10. Kutokana na hizo zinalipwa zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti, madaktari na wauguzi wake, mbali na kilimo, maji na barabara za mashinani. Anayedhani kaunti inaweza kuchukua mara moja mishahara yote iliyoachwa na wafadhili anakisia kama wale wa Ohio.

Pengo hilo linajadiliwa. Desemba 4, 2025, Kenya na Marekani zilitia saini makubaliano ya afya ya miaka mitano. Marekani iliahidi dola bilioni 1.6, na Kenya ikaahidi kuongeza dola milioni 850 kutoka mifuko yake. Tofauti na zamani, fedha zinakusudiwa kupitia taasisi za serikali, na mzigo uhamie Kenya kidogo kidogo. Makubaliano hayo yalipingwa mahakamani mwezi huo huo, hasa kwa hofu ya siri za wagonjwa. Vyovyote itakavyoamuliwa, mwelekeo uko wazi: rafu ile itazidi kujazwa kwa kodi za Wakenya. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka wa 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, na Kenya bado haijafika huko.

Wakati hayo yakiendelea, uvumi unafanya kazi yake vijijini, na huu ndio sababu hasa ya ninyi kuitwa hapa leo. Fikirieni mama anayemeza dawa kila siku saa tatu usiku kwa miaka minane. Virusi vyake havionekani kwenye kipimo, na mtoto wake wa mwisho alizaliwa salama. Anasikia sokoni kwamba Wamarekani wamefunga, kwamba kliniki sasa ni ya kulipia. Anaona aibu kuuliza. Anaanza kumeza siku moja na kuruka moja ili chupa ifike mbali, au anamgawia mwenzake aliyeishiwa. Hakuna aliyemnyima dawa. Lakini dawa ikimezwa nusunusu, virusi huongezeka, na vinaweza kuwa sugu kwa dawa hiyo. Akiwa mjamzito, mtoto anaingia hatarini.

Mama huyo hahitaji kuelezwa siasa za Marekani. Anahitaji kuelezwa mambo matatu na mtu anayemwamini. Kwamba kliniki maalumu zilipofungwa au kuunganishwa, huduma ilihamia kwenye vyumba vya wagonjwa wa kawaida katika hospitali ile ile, na foleni ni moja na wengine. Kwamba ARV katika kituo cha serikali hazilipiwi. Na kwamba hata akipewa dawa za mwezi mmoja badala ya mitatu, asipunguze kipimo. Arudi siku aliyoandikiwa. Kama kituo kimeishiwa na aina fulani, ripoti siku hiyo hiyo kwa msimamizi wako, kwa jina la dawa na tarehe. "Dawa hakuna" haimsaidii ofisa wa stoo kuagiza chochote.

Upande wa wanakamati wa vituo, kazi yenu iko kwenye kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Taarifa ya mikakati ya kifedha hufika kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Kikao cha maoni ya umma kikiitishwa, wengi hufika na ombi moja, barabara ya kwao, na hakuna ubaya. Lakini fungueni pia kurasa za afya. Tafuteni jedwali la misaada yenye masharti, kwa mfano ruzuku ya Denmark kwa vituo vya afya vya msingi, na muulize mbele ya kila mstari: fedha hizi zinaisha mwaka gani? Zikiisha, mshahara huu utalipwa kutoka wapi? Kaunti imetenga kiasi gani mwaka huu kwa vitendanishi vya maabara, na mwaka jana ilikuwa kiasi gani?

Afisa atakayejibu atakuwa na kitabu mkononi. Nakala hupatikana kwenye ofisi ya msimamizi wa wadi, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka nyaraka za bajeti zichapishwe kwa umma. Ukiambiwa nakala imekwisha, andika jina lako kwenye orodha na urudi Jumatatu.